Barabara za juu za Ubungo zipimwe kabla hatujajenga nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makutano ya Ubungo, ambako Barabara ya Morogoro hukutana na barabara za Mandela na Sam Nujoma, na kuhusu nia ya kuendelea kujenga barabara za juu katika makutano mengine ya Dar es Salaam. Hoja yangu ni moja. Kabla zabuni ya barabara ya juu nyingine haijatangazwa, Serikali iweke hadharani, kwa Kiswahili, tathmini ya kile ambacho Daraja la Kijazi, yaani barabara za juu za Ubungo, limekifanya tangu lifunguliwe, na tathmini hiyo ihesabu watu pamoja na magari.

Sina ugomvi na zege. Kila aliyeishi upande wa Kimara, Mbezi au Kibamba kabla ya mwaka 2021 anaikumbuka Ubungo ya mataa: malori yaliyotoka bandarini kwa Barabara ya Mandela yakielekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, mabasi ya mikoani yaliyokuwa yakiingia na kutoka Stendi Kuu, daladala za Mwenge, mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, na magari binafsi ya watu wanaowahi mjini, yote yakisubiri ishara ya askari wa usalama barabarani ambaye asubuhi nyingi alikuwa ameshaamua kwamba mataa hayana kazi. Upande ambao ulikuwa bado haujaitwa ulikaa hadi abiria wakateremka na kumalizia safari kwa miguu. Hali ile haikuvumilika, na waliochukua hatua ya kuiondoa walifanya jambo la maana.

Kumbukumbu za ujenzi wenyewe zinajulikana. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2017 na Rais John Magufuli akiwa na Rais wa Benki ya Dunia wa wakati huo, Jim Yong Kim, kwa kuwa mradi ulipata mkopo wa benki hiyo. Kazi ilifanywa na kampuni ya CCECC ya China. Na Februari 24, 2021, Rais Magufuli akazifungua barabara hizo za ngazi tatu na kuzipa jina la Mhandisi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi aliyekuwa amefariki dunia wiki moja kabla. Miaka miwili na nusu nyuma yake, Septemba 2018, ilikuwa imefunguliwa barabara ya juu ya TAZARA, iliyojengwa kwa ufadhili wa Japani na kupewa jina la Mhandisi Patrick Mfugale, aliyekuwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS, wakala wa barabara wa Serikali. Ni jambo jema kwamba makutano mawili makubwa ya jiji letu yanabeba majina ya wahandisi, maana si mara nyingi watu wa fani hiyo hukumbukwa hivyo. Lakini mhandisi hupenda kujua kitu alichokijenga kinafanya kazi kwa kiasi gani, na hapo ndipo ninapoona pengo.

Tukiulizwa leo Daraja la Kijazi limesaidia kiasi gani, wengi wetu tutajibu kwa hisia. Tutasema foleni ya Ubungo imekwisha, au tutasema imehamia mbele. Majibu yote mawili yanaweza kuwa na ukweli ndani yake, ila hakuna kati yetu mwenye takwimu mkononi, na kuna sababu mahususi ya kutoziamini hisia hizo. Siku ile ile madaraja yalipofunguliwa, Februari 24, 2021, ilizinduliwa pia stendi mpya ya mabasi ya mikoani pale Mbezi Louis, na mabasi yaliyokuwa yakijazana Ubungo yakahamia huko. Kwa hiyo makutano yaliongezewa uwezo na kupunguziwa mzigo katika kipindi kimoja. Mtu anayesema daraja ndilo lililomaliza foleni anahesabu kazi ya stendi kuwa kazi ya daraja, na hajui ni sehemu gani ya nafuu tuliyoipata ilitokana na zaidi ya shilingi bilioni 200 zilizotumika pale Ubungo na ni sehemu gani ilitokana na uamuzi wa kuhamisha mabasi. Kwa mpangaji wa jiji, tofauti hiyo ni kubwa mno. Ikiwa kuhamisha stendi kulifanya nusu ya kazi, basi yapo makutano mengine yanayoweza kupata nafuu kwa kupanga upya vituo na njia za daladala, kwa gharama ambayo haiwezi hata kulinganishwa na ya madaraja.

Wapo watakaosema hesabu za aina hii ni za wataalamu. Nadhani sehemu yake kubwa inaeleweka na yeyote. Njia moja ya gari isiyokatizwa na mataa hupitisha kama magari 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Ikiwekewa mataa yanayowaka kijani kwa nusu ya muda, njia hiyo hiyo itapitisha takribani nusu ya idadi hiyo. Yakiwaka kijani kwa theluthi ya muda, itapitisha theluthi. Barabara ya juu huondoa mataa mahali pamoja tu. Gari lililovuka Ubungo bila kusimama linafika Shekilango na Magomeni likielekea mjini, au Mwenge likifuata Sam Nujoma, au Tabata na Buguruni likishika Mandela, na huko kote linakutana na mataa au askari, pamoja na magari mengine yaliyovuka Ubungo kwa urahisi ule ule. Kupanua bomba katikati huku koki ya mwisho ikibaki ile ile hakumjazii mtu ndoo haraka. Hii ndiyo sababu wakazi wa Mwenge na wa Tabata wanaweza kuwa na maoni kuhusu Daraja la Kijazi yaliyo tofauti kabisa na ya wakazi wa Kimara, na pande zote mbili zikawa zinasema kweli.

TAZARA inatufundisha jambo hilo hilo kwa namna nyingine. Pale iliinuliwa Barabara ya Nyerere peke yake. Anayetoka mjini kwenda uwanja wa ndege anapita juu na kushukuru, lakini lori linalotoka bandarini kwa Barabara ya Mandela linapita chini, kwenye mataa, kisha linakwenda kusubiri tena Buguruni na Tabata kabla ya kuiona Ubungo. Barabara moja, ambayo ndiyo mlango wa shehena ya nchi kadhaa jirani, ina makutano mawili yaliyogharamiwa vizuri na katikati yake makutano yaliyobaki kama yalivyokuwa. Sisemi kwamba haikupaswa kuanzia mahali fulani. Nasema kwamba barabara hutengenezwa kama barabara nzima, na makutano yakishughulikiwa moja moja kwa kufuata fedha ya mfadhili mmoja mmoja, kila moja hubaki na hesabu yake pekee.

Suala hili lina uzito zaidi upande wa magharibi. Upanuzi wa Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kwa njia nane, ni kazi ambayo mkandarasi wake alikuwa kampuni ya Kitanzania, na sina budi kuisifu kwa hilo. Gharama yake haikuwa ya fedha tu. Mwaka 2017 wananchi wengi wa kuanzia Kimara hadi Kiluvya walivunjiwa nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo katika eneo hilo inahesabiwa meta 121.5 kila upande, na hata taasisi za umma hazikusalimika, kwani sehemu ya jengo la TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo nayo ilibomolewa kupisha mradi wa makutano. Njia nane hizo zilipokamilika, magari yalifika Kimara kwa kasi na kukuta njia mbili kila upande, pembeni ya njia za mwendokasi. Ni jambo la kawaida kwamba watu wakaanza kudai kipande cha Kimara hadi Ubungo nacho kipanuliwe, na mimi ni mmoja wao.

Lakini tufikirie hatua moja mbele. Kipande hicho kikipanuliwa, magari mengi zaidi yatafika Ubungo kwa wakati mmoja, na Ubungo haiwezi kupanuka kwa urahisi tena. Lami huongezwa pembeni. Daraja la zege lenye nguzo zake haliongezwi upana kama lami. Makutano yaliyobuniwa kwa makadirio ya wakati ambao stendi ilikuwa bado Ubungo, na barabara ya kutoka Kimara kwenda Kibaha ilikuwa bado haijapanuliwa, sasa yatatakiwa kupokea mtiririko uliobadilika pande zote. Huenda yatauweza. Huenda njia za kupandia na kushukia ndizo zitakazoshindwa mapema kuliko daraja lenyewe, kwa kuwa magari yanayokata kona bado yanategemea mataa ya ngazi ya chini. Jibu linaweza kupatikana sasa kwa kuhesabu, au baadaye kwa kukaa kwenye foleni.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo ni hiyo ngazi ya chini. Habari zote tulizosoma kuhusu barabara hizi zilizungumzia magari yanayopita juu, na picha zilizosambaa zilipigwa kutoka angani. Atakaye kuyafahamu makutano haya asimame chini ya madaraja saa kumi na mbili jioni. Atamwona mchuuzi aliyetoka soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo na mkungu kichwani, anayetafuta daladala ya Mwenge. Anavuka njia ya kushukia magari, anasimama kwenye kisiwa chembamba pamoja na wanafunzi wenye sare na kijana mwenye kreti za soda kwenye guta, anasubiri, anavuka tena, na wakati amegeuza macho kutazama magari yanayotoka kulia, bodaboda inatokea kushoto ikienda kinyume na mwelekeo. Mbele yake konda anaita “Mwenge, Mawasiliano!” gari likiwa limesimama kwenye mdomo wa barabara ya kupandia, kwa sababu hapo ndipo abiria walipo, na abiria wapo hapo kwa sababu kituo rasmi kiko mbali na mahali wanapotokea. Gari la nyuma linapiga honi. Dereva wa daladala anatozwa faini siku ambayo trafiki yupo, na kesho yake anasimama pale pale.

Simlaumu konda wala bodaboda peke yao, ingawa ndio hulaumiwa kila siku. Makutano haya ni mahali ambapo maelfu ya watu hubadilisha usafiri: kutoka mwendokasi kwenda daladala za Sam Nujoma, kutoka daladala za Mandela kwenda mwendokasi, kutoka Mbezi kwenda Buguruni. Kwa watu hao, safari ya Ubungo ina sehemu inayotembewa kwa miguu, na sehemu hiyo ndiyo iliyorefuka kila makutano yalipopanuka. Barabara inayopanuliwa kwa ajili ya gari huwa pana pia kwa anayeivuka. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama meta 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo upana wa meta 36 unamhitaji sekunde 30. Mzee, mama mjamzito au mtoto wa darasa la kwanza atahitaji 40 au zaidi. Yeyote mwenye simu anaweza kwenda kupima muda ambao taa ya mtembea kwa miguu huwaka kijani na kulinganisha. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hahitaji hata kupima muda: ukingo mmoja wa zege usioteremshwa unatosha kumwambia kwamba hakufikiriwa.

Hili linahusu uchumi kama linavyohusu utu. Basi kubwa la mwendokasi hubeba watu wapatao 150. Abiria hao 150 wakishuka na kutembea mbali kwa kuchelewa, au wakiamua kwamba kesho watapanda bodaboda mlango kwa mlango kwa sababu wameogopa kuvuka, basi sehemu ya uwezo wa barabara imepotea bila gari lolote kuhesabiwa. Kipimo cha idadi ya magari yanayopita kwa saa hakiwezi kuliona hilo. Ndiyo maana nasisitiza tathmini ihesabu watu: wangapi hupita makutano kwa siku, kwa chombo gani, wangapi huvuka kwa miguu, wanasubiri muda gani, wanagongwa wapi na saa ngapi, na abiria anayebadilisha chombo anatumia dakika ngapi kutoka mlango wa gari moja hadi wa jingine. Ihesabu vilevile muda wa safari kwenye makutano yanayofuata, yaani Shekilango, Mwenge, Tabata na Buguruni, ili tujue foleni ilipungua au ilihama. Na malori yahesabiwe peke yake, kwa saa, kwa sababu huenda tatizo la Mandela ni la ratiba ya bandari zaidi kuliko la upana wa barabara.

Najua kwamba miradi ya Benki ya Dunia huandikiwa ripoti ya kukamilika. Ripoti za aina hiyo huandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya mkopeshaji, na swali lake kuu ni kama malengo ya mkopo yalifikiwa. Swali la mkazi wa Ubungo Kisiwani au Riverside ni tofauti kidogo, na yeye ndiye atakayeulipa mkopo huo kupitia kodi kwa miaka mingi. Anastahili kupata majibu katika lugha anayoitumia, kwenye ubao wa ofisi ya kata yake, kabla hajaambiwa kwamba barabara ya juu nyingine inakuja mtaani kwake na nyumba yake imepigwa alama ya X.

Najua pia kwamba wapo wanaoona tathmini ni njia ya kuchelewesha maendeleo. Wanasema jiji linakua, magari yanaongezeka, tukianza kupimapima tutakuta tumechelewa. Hofu hiyo naielewa, kwani katika nchi yetu neno “mchakato” limetumika kuua mambo mengi mazuri. Lakini kazi ninayoizungumzia ni ya miezi michache na gharama yake ni ndogo. Tena Ubungo imezungukwa na watu wanaoiweza. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani na kinafundisha uhandisi, na Chuo Kikuu Ardhi, kinachofundisha mipangomiji, nacho kiko jirani. Wanafunzi wa vyuo hivi vitatu hupita kwenye makutano haya haya kwenda madarasani na kurudi. Wakipewa fomu za kuhesabia, posho ya nauli na chakula, na msimamizi anayejua kazi, wanaweza kutoa takwimu ambazo mshauri mwelekezi kutoka nje angetutoza fedha nyingi kuzipata, na wao wenyewe wakafaidika kwa kujifunza kwenye barabara halisi badala ya mifano ya vitabuni.

Takwimu hizo zikipatikana, yapo marekebisho ambayo hayatahitaji kusubiri mkopo wowote. Muda wa taa za watembea kwa miguu unaweza kuongezwa kwa kubadilisha mpangilio wa mataa. Kituo cha daladala kinaweza kusogezwa mahali abiria wanapokusanyika, badala ya kuwafukuza abiria kila jioni wakifuate kituo kilipo. Vizuizi vifupi vinaweza kuwekwa kwenye midomo ya barabara za kupandia ili bodaboda zisipite kinyume, na kingo zikateremshwa kwenye kila kivuko. Wachuuzi walio chini ya madaraja wanaweza kupangiwa upande mmoja ulio na mwanga na nafasi, kwa sababu wateja wao ni wapita njia na watarudi tu hata wakiondolewa mara kumi. Haya ni maboresho ya makutano kama yalivyo madaraja, ingawa hayakatiwi utepe.

Kuhusu makutano mengine yanayotajwa kila mara, kama Mwenge na Magomeni, ombi langu ni kwamba usanifu uanze na ramani ya mahali watu wanapotembea na kubadilisha usafiri, ndipo nguzo za daraja zipangwe kuizunguka ramani hiyo. Nguzo ikishasimama haihamishwi. Kivuko kilichosahauliwa hutafutiwa nafasi iliyobaki, na mara nyingi nafasi iliyobaki ni ile ambayo mtu hawezi kuitumia.

Mwisho, hesabu ya Ubungo ifanyike siku ya kazi na siku ya Jumamosi, asubuhi na jioni, na irudiwe wakati wa masika. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hufurika Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na magari yaliyokuwa yakielekea mjini hugeuzwa kutafuta njia za Mandela na Sam Nujoma kupitia makutano haya haya. Takwimu za mwezi Agosti peke yake hazitatuonyesha namna madaraja yanavyofanya kazi siku hiyo, na daraja jipya la Jangwani likikamilika, hesabu ya masika iliyofanywa kabla yake ndiyo itakayotuwezesha kuona lilibadilisha nini Ubungo.

Wako,
Mkazi wa Kimara,
Dar es Salaam